Shangazi, nilimchangishia tapeli

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, mama wa watoto wawili. Wakati wa Ramadhani, kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja aliweka picha ya mtoto anayesubiri upasuaji wa moyo Muhimbili. Namba ya kutumia hela ilikuwa yake. Nilitoa elfu hamsini kama sadaka, kisha nikawaomba na wanawake wa kikoba chetu. Walinipa laki mbili na ushee, nikazituma mwenyewe. Baadaye picha ile ikaonekana kumbe ni ya mtoto wa nchi nyingine, ya miaka mingi. Mwenzetu kajitoa kwenye grupu, simu haipatikani. Sasa mume wa jirani yangu kagongwa na bodaboda, kalazwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Jirani alipita na bahasha, nikamwambia sina, na hela ilikuwemo kwenye droo ya cherehani. Sadaka yangu imepotea? Nitamwamini nani tena?*

Marahaba, mwanangu.

La sadaka ni fupi. Mimi si sheikh, wako yupo hapo msikitini, lakini bila shaka madrasa ulisimuliwa ile hadithi ya mtu aliyetoa sadaka usiku, kulipokucha watu wakasema kampa mwizi. Akatoa tena, ikaangukia kwa mwanamke mzinifu. Mara ya tatu kwa tajiri. Hakuambiwa kuwa amepoteza. Aliambiwa huenda mwizi akaacha wizi wake. Elfu hamsini yako iache hapo.

Ila yule mtu alitoa chake. Laki mbili za kikoba hazikuwa zako, na nadhani hilo ndilo linalokukosesha usingizi, ingawa barua yako imelipita haraka. Kwa maoni yangu hudaiwi kuzilipa. Unadaiwa maelezo. Siku ya kikao, simama na simu yako, wasomee meseji za muamala: nani alitoa ngapi, zilikwenda namba gani, tarehe gani. Usilie, usijitetee. Wapo watakaonuna. Waache wanune, ni hela yao.

Halafu nenda polisi na meseji hizo hizo, ufungue jalada, uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, hata mtu angekuwa amesoma na wewe dawati moja. Namba iliyotumika unaweza pia kuiripoti kwa kutuma meseji kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hela yenyewe usiitegemee sana. Ya siku nyingi hivyo huwa ishatolewa kwa wakala.

Sasa hilo la nitamwamini nani. Hapa sikubaliani nawe. Msiba ukitokea hapo Mbagala, anakaa mtu na daftari. Ukitoa elfu mbili, jina lako linaandikwa na elfu mbili yako. Kabla watu hawajatawanyika, hesabu inasomwa: kimepatikana hiki, sanda hiki, usafiri hiki, kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele za watu. Umewahi kusikia mfiwa akisema ametukanwa kwa sababu daftari lipo? Hata harusi zetu zina kamati na mweka hazina, na wanakamati wanagombana juu ya bei ya turubai mpaka saa nne usiku. Hakuna anayemwamini mtu pale, na michango inaendelea. Kwenye simu mkaliacha daftari. Picha ya mtoto na namba moja ya mtu mmoja, basi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo hapo hapo Muhimbili, Upanga, nauli ya daladala tu, na katika grupu zima hakuna aliyefunga safari kwenda kumwona mtoto. Mliona aibu kuuliza. Tapeli anaishi kwa aibu hiyo.

Kwa hiyo uliza. Hospitali haitakupa siri ya mgonjwa, wala haipaswi, lakini ndugu wa kweli atafurahi ukimfuata saa ya kuona wagonjwa. Bili ya hospitali ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 ambayo kwa kawaida huanza na 99. Ukiilipa kwa simu yako, hela inaingia hospitalini moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mtu. Na bili ikiwashinda, waambie waende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini wakaeleze hali yao. Wengi wanaanza na bahasha hata hawajui kama mlango huo upo.

Jirani yako humjui kwa picha, unamjua kwa ukuta mmoja. Kwake hukuhitaji ushahidi wowote; ulimnyima kwa kosa la mtu mwingine. Leo jioni mgongee. Usimsimulie habari ya grupu, ana yake ya kutosha. Mwambie juzi hukuwa sawa, akupe hiyo namba ya malipo. Akisema bili wameshamaliza, muulize nauli ya kwenda na kurudi Muhimbili kila siku anaitoa wapi, na watoto mchana wanakula kwa nani. Mifupa haiungi kwa wiki moja.