Bili ya umeme ya duka na mgahawa: kabla hujanunua chochote, soma mita usiku

Mkuu mleta uzi, nimechelewa kuuona huu uzi, ila naona bado hujapata jibu la kukutosha. Kwa wanaoufungua sasa: jamaa ana duka la vyakula lenye mgahawa mdogo upande mmoja, bili ya umeme inapanda kila mwezi na mauzo yako palepale. Muuzaji mmoja amemwambia afunge sola, mwingine amemletea kile kiboksi cha kuchomeka ukutani "kinachopunguza umeme", na wachangiaji wengi humu wamemshauri abadilishe taa. Anauliza aanze na lipi.

Mimi ni fundi wa majokofu na AC. Zamani nilikuwa naitwa friji ikishakufa, siku hizi naitwa zaidi na wenye maduka wanaotaka kujua umeme wao unakwenda wapi. Kwa maoni yangu usianze na lolote kati ya hayo matatu. Anza na mita, tena usiku.

Hili nimejifunza kwa kuumbuka. Kuna duka nililokuwa nalihudumia, mwenyewe akataka kubana umeme, nikamshauri taa kama mlivyoshauri nyie. Zilikuwa tyubulaiti 40 za wati 36, na ukijumlisha balasti za zamani (kile kifaa cha kuwashia tyubu) kila moja ilikuwa inakula kama wati 45. Tukafunga LED za wati 18. Duka likang'aa, tukapigana picha. Bili ilipotoka mzee akaniita, akaniwekea karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akauliza: "Fundi, tofauti iko wapi?" Tofauti ilikuwepo, lakini ya kutafuta kwa miwani. Nikakaa chini kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema: wati 27 mara taa 40 mara saa 14 ni yuniti 15 kwa siku. Duka lilikuwa linakula yuniti 250. Nimemwokolea asilimia 6, yeye alikuwa anasubiri nusu.

Safari ya pili nikaenda na kalamu. Tukasoma mita wakati wa kufunga, tukasoma tena asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Ndani ya saa 10, yuniti 96. Duka limefungwa, taa zimezimwa, hakuna mteja wala mpishi, na bado linavuta umeme kama pasi nane za wati 1,200 zilizoachwa zinawaka hadi alfajiri. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mita imeharibika.

Mita ilikuwa nzima. Usiku uliofuata nilibaki ndani na tochi na mita ya kubana kwenye waya, nikapita breka moja baada ya nyingine. Friji na friza zilibeba sehemu kubwa, hilo nililitarajia. Nisichotarajia ni AC ya ofisi ya nyuma iliyowekwa nyuzi 18 ikipoza kiti kitupu, chombo cha maji moto cha mgahawa kikichemsha maji yasiyooshea kitu, bango la nje likimulika barabara tupu, na nyaya za joto kwenye fremu za milango ya friza. Hizi nyaya wengi hawajui kama zipo. Zimewekwa ili kioo na fremu visitoe jasho hewa ikiwa na unyevu mwingi, lakini kwenye friza nyingi zinawaka saa 24 hata hewa ikiwa kavu. Na joto lake nusunusu linaingia ndani ya friza, kwa hiyo kompresa, ile pampu ya friji, inafanya kazi ya kulitoa. Tulifunga kidhibiti cha unyevu kwenye hizo nyaya na taima mbili kwa bango na maji moto. Usiku ukashuka kwa yuniti kama 30, mara mbili ya kile tulichokipata kwa taa zote 40.

Kitu kimoja zaidi hapo: tulibandika vidoti vya rangi kwenye breka. Nyekundu usiguse, kijani zima ukifunga. Kabla ya hapo mfungaji wa duka alikuwa anaogopa kuzima chochote kwa sababu mwenzake aliwahi kuzima friza ya nyama. Ningekuwa mimi ningeogopa vilevile.

Sasa friji, maana kwenye duka la vyakula ndiyo mzigo wenyewe. Mara nyingi inafika karibu nusu ya umeme wote. Mtu anadhani friji inatengeneza baridi. Friji inahamisha joto, inalitoa ndani na kulitupa nje, na bili inategemea mambo mawili: joto kiasi gani linaingia, na lina ugumu gani kutoka.

Kwenye kuingia, adui namba moja ni zile friji ndefu za wazi, zisizo na mlango, za maziwa na vinywaji. Mbele yake kuna pazia la hewa baridi linaloshuka kutoka juu na kufyonzwa kwenye matundu ya chini. Hilo pazia ndilo mlango wako. Takribani robo tatu ya joto linaloisumbua friji ya wazi ni hewa ya dukani inayopenya hapo, na hewa hiyo inakuja na unyevu. Unyevu unaganda kwenye koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, barafu inazuia hewa kupita, halafu hita ya kuyeyushia barafu inawaka ndani ya friji ileile unayojaribu kuipoza.

Jaribu hivi kesho. Chana utepe mwembamba wa karatasi laini, ushike kwenye ukingo wa juu wa friji. Ukishuka umenyooka, pazia liko sawa. Ukipeperukia nje kuelekea kwenye ujia, baridi yako inamwagika sakafuni. Nimefanya hivyo mara nyingi na sababu huwa zilezile: feni ya dari au mdomo wa AC unapuliza moja kwa moja kwenye friji, bidhaa zimepangwa kupita ule mstari wa kikomo uliochorwa ndani, au mtu ameweka katoni za ofa juu ya matundu ya chini. Hiyo ya tatu inaniudhi kuliko zote. Unakuta friji haishiki baridi, mwenye duka ameshaita mafundi wawili wamemwongezea gesi, kumbe ni katoni.

Ukiweza, funga milango ya kioo kwenye hizo friji. Najua hofu ya wenye maduka kwamba mteja hatafungua mlango. Kwa nilikofunga, tatizo halikuwa mteja kutofungua, tatizo lilikuwa kutofunga, ndiyo maana nasisitiza milango yenye springi inayojirudisha. Pesa ikiwa haitoshi, nunua mapazia ya usiku ya kuvuta kama ya dirishani. Saa 10 za kufungwa ni nyingi mno kuacha friji wazi inapoza giza. Kwenye friji zenye milango, kagua raba: bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, vuta. Kikitoka bila kukataa, raba imekufa, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa.

Kwenye joto kutoka, safisha kondensa, ile koili inayotupa joto nje. Friji za kuchomeka zina kondensa karibu na sakafu, na hapo ndipo vumbi la unga, manyoya na mifuko vinakimbilia. Niliwahi kuchomoa kwenye friji moja ya soda blanketi zima la vumbi, unaweza kulikunja kama taulo. Kompresa yake ilikuwa haizimi kabisa. Kwa kila nyuzi moja ya selsiasi ambayo kondensa inapanda joto, kompresa inakula zaidi kwa asilimia 2 hadi 3. Ukiipiga brashi laini kila mwezi inatosha, ila fuata mwelekeo wa mapezi, vile vibati vyembamba, usiyalaze. Iliyo karibu na jikoni inashika mafuta, hiyo brashi kavu haiiwezi, inataka dawa ya kusafishia na maji kidogo, umeme ukiwa umezimwa. Na ipe friji nafasi nyuma, isibanwe ukutani.

Nyuzi pia. Friza nyingi naikuta imewekwa kwenye hasi 24 "kwa usalama". Hasi 18 inatosha, na kila nyuzi moja unayozidisha ina gharama yake. Lakini usije ukapanda juu ya hapo ili kubana umeme, na friji ya maziwa na nyama isizidi nyuzi 5. Chakula kikiharibika hasara yake inameza akiba ya mwaka. Usiamini namba ya mlangoni. Weka kipimajoto chako kwenye glasi ya maji ndani, kiache usiku, ukisome asubuhi.

Ukifikia kununua friji mpya, uliza feni za ndani zina mota ya aina gani. Za kizamani zinageuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, humohumo ndani ya baridi. Mota za kielektroniki zinatumia chini ya nusu yake. Uliza na gesi ya kupozea. Ikiwa ni R-404A fikiria mara mbili, kwa sababu nguvu yake ya kupasha dunia ni mara 3,922 ya hewa ukaa, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazibana gesi za familia hiyo. Friji ndogo nyingi sasa zinakuja na R-290, ambayo ni propani. Inafanya kazi vizuri, ila fundi wako awe amefundishwa kuishika, inawaka.

Mgahawani hadithi inabadilika kidogo. Huko mnyonyaji aliyejificha ni hudi ya moshi, lile bati kubwa juu ya majiko. Feni yake haili sana yenyewe ukilinganisha na inachokitupa: hewa iliyokwisha kupozwa na AC. Nami hapa nina kosa la kukiri. Kwenye mgahawa mmoja niliziba tundu la kuingizia hewa ya nje jikoni, nikijiona mjanja, kwamba joto halitaingia. Siku mbili baadaye mlango wa mbele ukawa mzito kufungua, ukiufungua unavuma kama chupa, na moshi unarudi kwa wateja. Hudi inapotoa hewa lazima hewa iingie kutoka mahali, na nilipoiziba jikoni ikaanza kuingia ukumbini, ya moto, juu ya vichwa vya watu wanaokula. Nilizibua kimyakimya siku ya tatu.

Dawa ni kupunguza kasi ya feni pale jiko limetulia. Nguvu ya feni inafuata kasi iliyozidishwa yenyewe mara tatu (0.8 × 0.8 × 0.8), yaani kasi ikishuka hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi kama asilimia 51. Kuna vidhibiti vinavyosoma joto na moshi vyenyewe, lakini hata swichi ya kasi mbili inasaidia mpishi akiikumbuka. Sogeza majiko nyuma hadi karibu na ukuta, weka bati za pembeni kwenye hudi, na mashine inayotoa moshi mwingi iwe katikati, isiwe ukingoni. Hudi itashika moshi uleule kwa hewa kidogo zaidi.

Na ile tabia ya kuwasha kila kitu asubuhi mtu wa kwanza anapoingia! Mashine ya kukaangia inahitaji kama robo saa kupata moto. Andika ukutani ipi iwashwe saa ngapi. Ukiwa na mbili, moja ilale saa za mchana zilizopoa.

AC sitaongea sana: safisha chujio, usiirundike mitambo ya nje kwenye uchochoro mmoja ikipuliziana joto, na mlango wa duka usikae wazi.

Tuje kwa wauzaji wako. Kile kiboksi kirudishe. Ndani kuna kapasita ndogo, na kama mita yako inahesabu yuniti tu, haikupunguzii kitu. Kapasita zina maana kwa mteja anayetozwa kwa kVA (kipimo cha umeme wote unaovutwa, hata usiofanya kazi) au kwa ule umeme usiofanya kazi, na hizo hupimwa na kufungwa kwenye bodi kuu na mtu anayejua. Sola si mbaya, ila sehemu kubwa ya mzigo wako inakula usiku, na paneli bila betri hazikusaidii saa hizo. Ukiifunga leo utanunua mfumo wa kubeba na uvujaji wako. Kata kwanza, halafu umwite akupimie upya, na atakuja na mfumo mdogo zaidi. Asipofurahi utajua kwa nini.

Soma mita usiku tatu mfululizo, wakati wa kufunga na wa kufungua, uweke namba hapa. Ongeza friji ngapi, za wazi ngapi, na bili yako inaonyesha yuniti peke yake au na kVA. Ukiweka picha ya kondensa hata moja, usiisafishe kwanza.