Unaanza fizikia ya nadharia? Usikimbilie kuipenda wala kuiponda nadharia ya nyuzi

Kila mwaka wa masomo ukianza wanakuja vijana wa aina mbili, nawapenda wote ila wananichosha wote. Wa kwanza kakesha na video, anataka aanzie kwenye dimensheni 10 wakati intigrali za kawaida bado zinamtoa jasho. Wa pili naye kakesha na video, ila zile za kuponda, kwa hiyo anafika na hukumu mkononi, nadharia ya nyuzi ni utapeli wa maprofesa kula hela za utafiti. Muulize sasa nadharia yenyewe (string theory, wazo kwamba kila chembe ni kauzi kadogo mno kanakotetemeka) inasema nini, kimya.

Haya, 1968 mwanafizikia Gabriele Veneziano akiwa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Geneva, alitoa fomula ya kueleza chembe za nyuklia zinavyogongana, baadaye kina Nambu na Susskind wakaona kwamba fomula hiyo inaleta maana ukichukulia chembe ni kauzi kanakotetemeka na sio nukta. Hiyo kazi ya kwanza nyuzi ziliishindwa. Kufika 1973 nadharia ya kwaki, vile vijichembe vinavyounda protoni na nyutroni, ikawa imeeleza nguvu ya nyuklia vizuri zaidi, na hesabu za nyuzi zilikuwa na kero yake, kila ukizipiga inachomoza chembe isiyo na masi yenye spini 2 (spini ni kama mzunguko wa ndani wa chembe), ambayo kwenye nyuklia haina kazi. 1974 Scherk na Schwarz wakasema hebu subirini, chembe ya namna hiyo si ndo ile inayotakiwa kubeba nguvu ya mvutano, yaani graviti? Yaani nadharia ilifukuzwa kazi moja ikaajiriwa kwenye nyingine kubwa zaidi. Mimi hapo huwa navutiwa na kushtuka kwa pamoja, na sioni ubaya mkianza na hali hiyohiyo.

Shida yake ya kupimwa sio njama ya mtu, ni ukubwa wa namba. Nyuzi zinadhaniwa kuwa na urefu unaokaribia ule wa Planck, yaani udogo ambao graviti na kwantamu zinakutana, mita 10^-35 hivi, na ile mashine kubwa ya CERN imefikia kugonganisha protoni kwa TeV 13.6 tu (TeV ni kipimo cha nishati, moja ni GeV 1000), ungehitaji nishati kama mara 10^15 zaidi ili uzione moja kwa moja. Halafu kuna zile dimensheni 6 za ziada ambazo lazima zikunjwe zisionekane, na njia za kuzikunja zinakadiriwa 10^500, kila njia na ulimwengu wake wenye chembe zake. Kwa hiyo ukipima chochote kesho, mtu anaweza kukwambia lipo tu kunjo moja huko linaloendana nacho. Hapo ndo swali la kubeba kila mahali linapotoka: ni kipimo gani kikitoka vibaya, nadharia hii inakufa? Ukikosa jibu haimaanishi ni uongo, inamaanisha bado haijaingia kwenye mtihani, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa jamani.

Kuweni makini sana na neno "imethibitishwa". Mtu atakwambia 1996 Strominger na Vafa walihesabu entropia (kipimo cha idadi ya mipangilio iliyofichika ndani) ya aina fulani ya mashimo meusi kwa kutumia nyuzi wakapata jibu lilelile la Bekenstein na Hawking. Kweli, na ni hesabu tamu, lakini fomula ya Hawking yenyewe hakuna aliyeipima kwenye shimo jeusi la angani! Ni nadharia mbili zimekubaliana, anga halijaulizwa. Au atakutajia kazi ya Maldacena ya 1997, iliyoonyesha nadharia yenye graviti inaweza kulingana na nyingine isiyo na graviti, kubwa mno, ila ile inakaa vizuri kwenye ulimwengu wenye konstanti ya kosmolojia (namba ya nishati ya anga tupu) hasi, na wa kwetu, toka vipimo vya supanova vya 1998, unaonekana kuwa na chanya.

Sasa wale wa kuponda msicheke mapema, maana hata kwenye data watu wanapotea. Desemba 2015 timu mbili za CERN, ATLAS na CMS, zilionyesha kakilima kwenye grafu ya jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga, karibu na GeV 750. Sigma, kipimo cha kuonyesha matokeo si bahati tu, hazikufika 5 zinazodaiwa kwenye fani hii, na wenyewe walisema tusubiri. Nani alisubiri? Zikaandikwa mamia ya pepa kueleza chembe ambayo Agosti 2016 data zilipoongezeka ikayeyuka. Kila pepa ilikuwa na hesabu safi tu. Hesabu safi haikosekani kamwe.

Na ule utetezi kwamba nadharia inaweza kusubiri miaka mingi, "mbona chembe ya nyutrino ilitabiriwa 1930 ikaonekana 1956", upokeeni kwa akili. Pauli, aliyeitabiri, alikuwa na tundu lililopimwa tayari, nishati inapotea kwenye mionzi ya beta. Halafu mbona hawataji sayari Vulcan? Le Verrier, mwanaastronomia wa Ufaransa, yuleyule ambaye hesabu zake zilisaidia kuipata Neptune 1846, mwaka 1859 akasema kuna kitu karibu na Zebaki kinachovuruga njia yake, na akatokea daktari mmoja wa kijijini Ufaransa akidai kakiona. Hakikuwepo, Einstein akaeleza ule mvurugo 1915 bila sayari yoyote. Mtu yuleyule, mbinu ileile, matokeo mawili.

Ukitafuta supavaiza muulize kwa heshima, "Prof, matokeo gani yangekufanya uachane na hii kazi?" Mzuri atafurahi na utakaa ofisini kwake saa nzima, akikasirika pia umepata jibu. Ukiwa na ndoto ya nyuzi sikuzuii, ila kazi ni chache sana duniani, jifunze takwimu na kuandika programu za kompyuta pembeni. Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki iliyo chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichopo Trieste, Italia, na ICTP wenyewe wana diploma ya mwaka mmoja pamoja na lekcha kibao za bure YouTube. Pepa ziko arXiv, tovuti ya bure ya pepa za sayansi, hep-th ndo nadharia na hep-ex ndo vipimo, fungueni zote mbili kila wiki, nimeona watu wa masta wanaokariri dimensheni zote 10 ila hawajui CERN imepima nini mwaka huu.