Kabla ya kulipia kipimo cha damu, uliza kinajibu swali gani

"Dada, ESR yangu imepanda, ina maana nina ugonjwa kama wako?" Ujumbe wa namna hii naupokea mara nyingi tangu nianze kuandika kuhusu NMO, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva za macho na uti wa mgongo. Jibu langu ni hapana. Naomba nieleze sababu, maana nawaona watu kuanzia Igoma mpaka Sengerema wakimaliza pesa ya nauli na ya chakula kwa vipimo ambavyo hakuna aliyewaambia ni vya nini.

ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kuna uvimbe au maambukizi mwilini, ni kama moshi unaouona ukiwa kwenye mtumbwi: unajua huko nchi kavu kuna moto, lakini hujui ni nyumba ya nani. Malaria huvipandisha, jipu huvipandisha, kifua kikuu pia. ESR hupanda hata kwa ujauzito na upungufu wa damu. Na kinyume chake ndicho kilichoniumiza zaidi: siku ambazo sikuweza kunyanyua mguu, CRP yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Ndugu walipoona karatasi inasema "kawaida", wapo walioamua kuwa hili si la hospitali.

Kipimo kilichonipa jina la ugonjwa ni cha kingamwili (protini ya kinga ya mwili) inayolenga akwaporini-4, ambayo madaktari huiita AQP4. Akwaporini ni mlango wa maji kwenye seli zinazozihudumia neva. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakiwa na Vanda Lennon, waliripoti kingamwili hii kwenye damu ya wagonjwa wa NMO, na mwaka uliofuata ikajulikana inashambulia nini. Faida yake ni kubwa: NMO hufanana na MS, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo, lakini baadhi ya dawa za MS, kama interferoni-beta na fingolimodi, zinaweza kuizidisha NMO. Kukosea jina hapa kunaweza kumgharimu mtu macho yake.

Ukiandikiwa kipimo hiki, uliza kama maabara inatumia njia ya seli hai au zilizohifadhiwa, kwa sababu njia hiyo hukosea mara chache kuliko ELISA, njia nyingine ya maabara. Damu itolewe kabla ya kusafishwa plazma, yaani maji ya damu. Lakini matibabu yasisubiri karatasi! Yangu ilichelewa sana kurudi, na nashukuru daktari alianza dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mara tu baada ya kunitoa damu. Majibu yakirudi hasi, bado mlango haujafungwa. Takriban wagonjwa 7 au 8 kati ya 10 ndio huonekana na kingamwili hii. Daktari anaweza kurudia baadaye, au kutafuta kingamwili ya MOG, protini nyingine ya neva; hiyo huashiria ugonjwa mwingine wenye njia yake.

Sasa sisi wa Ziwa Victoria tuna jambo letu. Kichocho cha huku, kile cha tumbo, mara chache hupeleka mayai mpaka kwenye uti wa mgongo. Miguu inalegea, mkojo unaziba, na ukimtazama mgonjwa utadhani ni NMO. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unaoga au unavua ziwani, mjibu ukweli wote, hata kama ilikuwa utotoni Ukerewe. Choo kisipoonyesha mayai, hilo pekee haliondoi kichocho. Akiongeza VVU, kaswende na vitamini B12, anatafuta vitu vyenye tiba yake, hakupotezei muda. Homa ya ini B na kifua kikuu navyo vipimwe kabla ya dawa za kushusha kinga, kwa sababu vikiwa vimejificha dawa hizo zinaweza kuviamsha. Mimi hilo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza.

Baada ya jibu chanya, usihangaike kurudia AQP4 kila mara kuona kama imeshuka. Kiwango chake hakitabiri vizuri shambulio lijalo. Pesa hiyo ipeleke kwenye dawa, na kwenye vipimo vya usalama: anayetumia azathioprini, moja ya dawa za kushusha kinga, anahitaji picha kamili ya damu na vipimo vya ini kwa ratiba. Mtasikia pia habari za neurofilamenti na GFAP. Ni protini zinazovuja kwenye damu neva au seli zake zinapoumia, na watafiti wanazipenda. Ila neurofilamenti hupanda hata kwa kiharusi au kuumia kichwa, kwa hiyo usiuze mbuzi kuitafuta.

Jicho likififia huku likiuma ukiligeuza, ganzi ikipanda kutoka miguuni, mkojo ukigoma, au kwikwi na kutapika kukiendelea siku kadhaa bila sababu ya tumbo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Beba majibu yote ya zamani, hata yaliyoandikwa "kawaida", na orodha ya dawa ulizomeza, zikiwemo za dukani na za mitishamba.