Huna kosa kuichukia riwaya hiyo

Ndugu yangu, umeuliza kama una moyo laini kupita kiasi, maana ulichukua riwaya ya mapenzi inayosimulia Uingereza ya zamani, jaladani watu wanacheza dansi, kumbe ndani shujaa anamfungia msichana chumbani na kumlazimisha. Hapana. Jalada na muhtasari wa nyuma ni ahadi, na wewe umevunjiwa ahadi.

Siku nyingine tazama kwanza mwaka wa toleo la kwanza. The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss ilitoka 1972 ikapendwa mno, na mle shujaa anambaka msichana ambaye baadaye anakuwa mkewe. Riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilipita njia hiyo hiyo, na baadhi bado zinauzwa zikiwa na majalada mapya ya kupendeza.

Watakuja wa kukuambia ndivyo mambo yalivyokuwa katika Uingereza hiyo ya zamani. Ni kweli wake wa Uingereza walinyimwa mengi, hata haki ya kumiliki mali zao wenyewe, hadi sheria ilipobadilishwa kwa upana mwaka 1882. Lakini kuonyesha ukatili ni jambo moja. Kunitaka nimpende mkatili kwa sababu tu ameomba radhi kurasa mbili kabla ya harusi ni jambo jingine, na hilo silikubali hata kidogo.

Usijilazimishe kuimaliza. Ukitafuta nyingine, anza na maoni ya wasomaji mtandaoni waliotoa nyota mbili au tatu. Hao ndio hutaja yale ambayo muhtasari umeyaficha.