Ukipima programu ya MPI usifuatilie kila fanksheni, utaumia

Kwanza tuelewane, MPI ni mfumo wa prosesi nyingi kutumiana ujumbe zikifanya kazi moja, na ukipima programu yake unapata profaili au tresi, vitu viwili tofauti. Profaili inajumlisha tu, fanksheni fulani imeitwa mara ngapi na imekula sekunde ngapi, basi, faili lake dogo. Tresi yenyewe inaandika kila tukio na saa yake, fanksheni imeingia, imetoka, ujumbe umetumwa, umepokelewa, tena kwa kila prosesi na kila thredi, ndo maana ukiiwasha bila kuchuja diski inajaa na msimamizi wa klasta anakuandikia imeili isiyo na salamu.

Nachukua mfano wa BT-MZ, ile iliyomo kwenye NAS Parallel Benchmarks, programu za NASA za kupimia kompyuta kubwa. Ni Fortran, prosesi zinaongea kwa MPI na ndani ya kila prosesi kuna thredi za OpenMP, yaani mfumo wa kugawia thredi kazi. Humo kuna fanksheni tatu, binvcrhs, matmul_sub na matvec_sub, kazi yao ni kuchezea vimatriksi vya 5 kwa 5, hesabu ndogo kabisa, lakini kwenye saizi B kila moja inaitwa zaidi ya mara milioni 500. Sasa piga hesabu, kila mwito unaandika kuingia na kutoka, tuseme baiti 26 hivi, hapo hizo tatu peke yake zinakupa kama GB 40 za tresi. Na ndani ya hizo GB 40 hakuna hata ujumbe mmoja wa MPI!

Na ukubwa wa faili wala sio tatizo kubwa, diski inanunulika. Tatizo ni kwamba vipimo vinakudanganya. Fanksheni fupi ikiwekewa kifuatiliaji muda mwingi unaliwa na kifuatiliaji chenyewe, unaangalia grafu unasema aah kumbe matmul_sub ndo nzito, unakaa wiki nzima unaiboresha kumbe unapima vumbi la kipimo. Alafu kuna bafa, sehemu ya memori inayoshika matukio kabla hayajaandikwa diski. Score-P, zana ninayopimia, kwa kawaida inampa kila prosesi kama MB 16, ikijaa katikati ya safari prosesi inasimama imwage data kwenye diski, wenzake wanabaki wanasubiri ujumbe wake, na wewe kwenye Vampir, programu ya kuangalia tresi, unaona prosesi moja inachelewesha wenzake. Hiyo foleni umeitengeneza wewe. Ukiona onyo la bafa kumwagwa, mi nasema futa hiyo tresi urudie, usijaribu hata kuisoma.

Kwahiyo mimi siku zote naanza na profaili, tresi imezimwa, alafu naendesha scorep-score -r juu ya faili la profaili. Inakuorodheshea fanksheni na kila moja itahitaji bafa kiasi gani, na inazipanga makundi. USR ni fanksheni zako ambazo haziishii kwenye MPI wala OpenMP, COM ni zile zilizoko njiani kuelekea huko. Kata USR zinazoitwa sana, COM ziache, maana ukizikata utaona MPI_Waitall, mwito wa MPI wa kusubiri ujumbe, inasubiri na hujui nani kaiita. Filta yenyewe ni faili la maandishi tu:

SCOREP_REGION_NAMES_BEGIN
  EXCLUDE
    binvcrhs*
    matmul_sub*
    matvec_sub*
SCOREP_REGION_NAMES_END

Hizo nyota usizisahau, kompaila za Fortran nyingi zinabandika mstari wa chini mwisho wa jina. Kabla ya kuendesha tena ipitishe kwenye scorep-score kwa -f, itakuambia makadirio mapya, kwa BT-MZ yanashuka sana, na kiasi cha SCOREP_TOTAL_MEMORY (ukubwa wa memori ya kurekodia) cha kuweka.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapita haraka. Filta ukiiweka kwa SCOREP_FILTERING_FILE inafanya kazi wakati programu inakimbia, yaani fanksheni bado inagonga mlango wa kifuatiliaji, kinaangalia orodha, kinasema wewe pita. Faili linapungua ndio, ila gharama ya kugonga mlango mara milioni 500 ipo palepale. Kama kompaila yako inakubali, mpe filta wakati wa kukompaili, --instrument-filter, hapo kifuatiliaji hakiwekwi kabisa. Ukitumia kompaila ya GCC mtupu bila Score-P, -finstrument-functions nayo ina -finstrument-functions-exclude-function-list, wazo lilelile.

Njia nyingine ni kukata muda badala ya majina. Programu ya hatua 10,000 za kurudia haina haja ya tresi ya zote, rekodi chache za katikati, unazima kwa SCOREP_RECORDING_OFF na kuwasha kwa SCOREP_RECORDING_ON (kompaili na --user). Ila zima kurekodi kwa prosesi zote kwenye hatua ileile na nje ya eneo la OpenMP, la sivyo mmoja anarekodi kupokea ujumbe ambao mtumaji hakurekodi kuutuma na uchambuzi unavurugika.

Na nyie wa C++ wenye vifanksheni vya mstari mmoja kila kona, mi ningewashauri msihangaike na orodha ndefu, kompaili na --nocompiler na --user, MPI itaendelea kurekodiwa kama kawaida, alafu weka kwa mkono SCOREP_USER_REGION kwenye zile sehemu chache unazozitilia shaka.