Zoezi la kasi ninalolipenda kwa mbio ndefu

Ndugu, umeuliza ni zoezi gani la kasi litakusaidia, maana unakimbia kilomita 10 na muda wako umegoma kushuka. Mimi nachagua mita 1,000 mara 5, kwa mwendo unaoumudu kwenye mbio za kilomita 5. Baada ya kila moja, kimbia polepole dakika 2 au 3 hadi pumzi irudi. Wengi hufyatuka raundi ya kwanza kama wanakimbizwa, kufika ya nne wanajikokota. Raundi ya mwisho iwe sawa na ya kwanza au iizidi kasi kidogo. Ukishindwa, jua ulianza kwa pupa.

Mita 400 nazo ni tamu. Emil Zátopek, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Chekoslovakia, alizirudia kwa makumi, akatwaa dhahabu 3 kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ila usimwige idadi! Anza na 8 tu.

Huna uwanja? Dakika 1 kasi, dakika 1 taratibu, mara 10, barabarani.

Pasha mwili dakika 15 kwanza. Mara moja kwa wiki yatosha, na kesho yake kimbia kivivu au pumzika.