Foklifti inakosa nguvu ikipata moto: giaboksi au breki?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina foklifti ya dizeli, giaboksi otomatiki. Tangu tufunge breki shuu mpya asubuhi inaenda freshi, ikishapata moto ukiweka gia inachelewa kuondoka, injini inanguruma tu mashine haisogei mpaka ukanyage mafuta sana. Jamaa anasema klachi za ndani zimeisha tushushe giaboksi. Tushushe kweli?

JIBU: Mwambie jamaa atulie kwanza. Tatizo limeanza baada ya kugusa breki, sasa giaboksi inaingiaje hapo kabla breki hazijaangaliwa?

Anza kuangalia oili ya giaboksi maana ni dakika mbili tu, mashine iwe na moto, injini inaunguruma taratibu, gia niutro, hendibreki juu. Ikiwa na rangi kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, basi klachi zimeshaanza kuumia, ila hata hivyo usifungue kabla hujajua kilichoziunguza.

Kisha zima injini, weka kabari tairi za nyuma, piga jeki mbele, shusha hendibreki, zungusha tairi za mbele kwa mkono zikiwa bado na moto. Zikiwa nzito, legeza nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya tairi. Tairi likiachia hapo hapo, ujue presha ilifungiwa ndani, na mara nyingi ni ile fimbo inayosukuma masta silinda (pampu ya breki) haina uchezaji hata kidogo, mafuta ya breki yakipata moto yanatanuka na hayana pa kurudi. Lisipoachia, shuu zimekazwa mno, rudisha nyuma ajasta, ile ya kukazia shuu.

Sasa pedali ya kushoto, ile ya kusogelea mzigo taratibu, na hapa ndipo wengi wanachemka. Mwanzo wake inapunguza presha ya klachi za giaboksi, ukizidi kukanyaga ndo inashika breki. Mkifunga shuu mpya mkagusa fimbo zake, pedali inaweza isirudi juu kabisa, valvu yake ya kupunguza presha ikabaki wazi kidogo, presha inavuja na klachi zinateleza. Oili ikiwa baridi ni nzito hivyo huoni kitu, ikipata moto inakuwa nyepesi na ndo hayo unayoyaona. Kwa hiyo seti breki kwanza, pedali ya kushoto baadaye, usigeuze! Breki ianze kushika pale nguvu inapokata, ikishika mapema zinavutana na klachi zinaungua, ikichelewa sana mashine itakurudia nyuma kwenye mteremko. Vipimo chukua kwenye kitabu cha mashine yako.

Yote yakiwa sawa na bado haivuti, funga geji ya presha kwenye giaboksi. Presha ikiwa chini gia ya mbele na ya rivasi zote, angalia filta, pampu na valvu ya presha. Upande mmoja tu, hapo jamaa ana hoja, klachi ya upande huo.

SWALI: Pedali ya breki nikiishikilia inazama polepole mpaka chini, ila sioni palipovuja.

JIBU: Raba za ndani ya masta silinda zimechoka, mafuta yanapita humo humo ndani. Badilisha, toa upepo, na usome kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kabla hujaongeza: foklifti nyingine zinatumia oili ya madini, ukimimina DOT 3 (mafuta ya breki ya kawaida) humo raba zote zinaharibika. Na mpaka itengenezwe hiyo mashine isibebe mzigo, toa ufunguo kabisa.